Duara la Maji

Agnetha Bujiku, ambaye karibu sote tunamwita Mama Vumilia, alijifunza kuendesha shamba kutoka kwa watu wasiolima. Kabla ya kuolewa alikuwa akipikia wachimbaji wadogo kule Nyarugusu: ugali, maharage, dagaa, na sikukuu ikifika, nyama. Mchimbaji hana cha kumpa mpishi mpaka duara lake, yaani lile shimo analochimba, litoe mawe yenye dhahabu. Kwa hiyo Agnetha aliingiza chakula kwenye duara kama mwingine alivyoingiza mbao, mwingine pampu, na mwingine mikono yake mitupu. Duara likitema, kila mmoja alibeba fungu lake la mawe. Lisipotema, wote walikosa pamoja, wakajikung'uta vumbi na kuhamia shimo jingine.

"Wewe ulisomea chuoni," aliwahi kuniambia huku akipalilia bila kuinua kichwa. "Mimi nilisomea mdomoni mwa shimo, nimekaa na sufuria."

Alipompata Makoye, na baadaye binti yao Vumilia, aliondoka Nyarugusu na kuhamia kwenye kishamba cha ukoo wa mume, nje kidogo ya mji wa Geita, mahali ambapo kilima kinashuka taratibu mpaka kwenye kijito. Wakalima kama jirani zao walivyolima. Nyanya zikiiva, zinaiva kwa wote. Mlanguzi anakuja, anataja bei anayoitaka yeye, anajaza matenga mpaka yanafanya vilele, anaondoka. Mwaka mmoja Makoye aliona afadhali nyanya zile awape ng'ombe kuliko kumpa yule mtu. Ng'ombe walifurahi sana.

Ndipo mkewe alipomwambia, "Hili shamba tulifanye duara."

"Unataka tuchimbe?"

"Nataka watu waingie kabla. Waingize kidogo walicho nacho kabla hatujapanda, halafu kinachotoka tugawane. Kikitoka kingi, kingi. Kikitoka kidogo, kidogo."

"Nani atatoa hela kwa mchicha ambao haujaota?"

"Mbona wanatoa kwa dhahabu ambayo hawajaiona?"

Jibu alilitoa mama yake Makoye, Bibi Limi. Enzi zake, mtu aliyeuza mazao yakiwa bado shambani alikuwa mtu ambaye njaa imeshaingia ndani kwake, na kijiji kizima kilijua. "Watasema mwanangu anauza mahindi yakiwa bado na nywele," alisema.

"Hatuuzi, mayu," Agnetha alimjibu. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo alivyomwita mkwewe tangu siku ya kwanza. "Tunaingiza watu."

Watu wa kwanza kuingia walitoka kata ya Kalangalala, mjini. Alikuwapo Mzee Nasibu, mchimbaji kutoka Kigoma aliyeacha mashimo baada ya jiwe kumvunja mguu, na ambaye sasa anatengeneza pampu kwenye kibanda chake. Alikuwapo Mama Adam, fundi cherehani, mwanamke asiyepitwa na kitu. Na alikuwapo mama yangu, ambaye Jumamosi huwa yuko zamu hospitalini, kwa hiyo aliyekwenda na kikapu nilikuwa mimi.

Mgao hufanyika Jumamosi alasiri. Makoye anatandika turubai kando ya zizi la ng'ombe, na mboga zote zilizovunwa asubuhi zinapangwa mafungu yanayolingana: chainizi, mnafu, bamia, boga moja kubwa linalopasuliwa kwa panga. Hata mafungu yalinganishwe vipi, siku zote kuna moja ambalo kila jicho limelitamani. Kwa hiyo Bibi Limi anakaa kwenye kigoda akiwa ameligeuzia turubai mgongo. Makoye anagusa fungu kwa fimbo na kuuliza, "La nani hili?" Bibi anataja jina lolote linalomjia. Likishatajwa, limekwisha. Hakuna kubadilishana, hakuna kununa.

"Bibi Limi, mimi nimekukosea nini?" Mzee Nasibu alilalamika siku moja, akiokota fungu lililojaa nyanya chungu kwa mara nyingine tena.

"Zinakufaa, baba. Zinapunguza maneno."

Tulicheka. Tulizoea kucheka pale. Mara moja kwa mwezi kila nyumba ilitoa mtu wa kuja kupalilia, na aliyekosa bila sababu aliteka maji na kuwanawisha wenzake mikono wakati wa kula, huku wakimwita bwana mkubwa. Mwenyekiti wa mtaa mmoja aliyejiunga nasi alinawisha mara mbili, akaacha kukosa.

Mambo yaliharibika kiangazi cha mwaka huu. Michango ya bustani ya kiangazi ilikuwa imeshaingia, miche imeshatoka kitaluni, na matuta ya kando ya kijito yamejaa kijani. Juu zaidi, kwenye mkondo wa kijito hicho, mtu akafungua mwalo. Mwalo ni mahali ambapo mawe yaliyosagwa huoshwa na dhahabu kukamatwa kwa zebaki. Asubuhi moja Agnetha alishuka na ndoo kijitoni akakuta maji yamekuwa na rangi ya majivu.

Kule Nyarugusu alikuwa ameona wanawake wakikamua zebaki kwenye kitambaa kwa vidole vitupu, wakicheka, watoto wao wakicheza kwenye matope yale yale. Hakujua kama iliyokuwa ndani ya kijito ilikuwa zebaki au vumbi la mawe tu. Alijua kwamba hawezi kumwagilia chainizi za watu kwa maji ambayo asingempa Vumilia anywe. Akamwaga ndoo, akapanda na kumwambia mumewe kwamba kuanzia siku hiyo hakuna hata ndoo moja itakayochotwa kule.

"Na bustani?"

"Tutaleta ya bomba."

Makoye akawa anafunga madumu kwenye baiskeli na kwenda kioski cha maji kule barabarani, asubuhi na jioni. Yalitosha tuta la mnafu na tuta la mchicha. Yaliyobaki yakaanza kunyauka.

Jambo ambalo Agnetha hakulifanya lilikuwa kutuambia.

Ukikaa mdomoni mwa shimo miaka mingi, kuna mambo yanakuingia bila kujua. Kwenye maduara aliyopikia, lilikuwapo neno moja ambalo halitamkwi: hakuna. Mtu akitoka chini mikono mitupu husema "ipo njiani," au "tumeigusa," au hukaa kimya. Atakayesimama pale juu na kusema "humu hakuna kitu" ameleta mkosi, na watamfukuza hata kama ni mpishi. Agnetha aliwahi kumwona mwanamke akifukuzwa hivyo, sufuria lake likiviringika nyuma yake. Kwa hiyo mafungu yalipoanza kupungua na watu wakaulizia chainizi, alijibu kama alivyofundishwa.

"Ipo njiani," alituambia. Jumamosi iliyofuata: "Inakuja, inakuja."

Bibi Limi, ambaye hakuwahi kufika hata karibu na duara, hakuelewa. "Waambie watu shamba limekauka," alimsihi jikoni. "Jua siyo dhambi yako."

"Siyo jua, mayu. Nikitaja zebaki, nani atakula tena mboga ya hapa?"

Hilo nalo lilikuwa kweli. Na lilikuwapo la tatu, ambalo Makoye ndiye aliyelileta. Kalisti, mtu mwenye karasha mbili za kusagia mawe, alikuwa amemfuata kumwomba amkodishe eneo lote la chini. Alitaka kufungua mwalo wa pili. Makoye hakumkubalia wala kumkatalia. "Wale wa mjini wakijitoa," alimwambia mkewe, "sisi hatuna mbegu, hatuna chochote. Nitampa. Sitaki, lakini nitampa. Anakuja Jumatatu ya wiki ijayo kuchukua jibu."

Basi Jumamosi iliyokuwa mbele yetu ilibeba hatima ya shamba lote, na sisi wa mjini hatukujua. Mama Vumilia akafanya kitu ambacho kilionekana kuwa na akili alipokuwa akikifanya. Alfajiri alikwenda sokoni, akanunua mafungu ya chainizi, akayachanganya na mnafu wake, akayapanga kwenye turubai.

Tulifika, tukasalimiana, Bibi Limi akakalia kigoda. Makoye alikuwa ndiyo kwanza anainua fimbo wakati Mama Adam alipoinama na kuokota shada moja la chainizi. Akaligeuza. Akalinyoosha juu tuone wote.

"Hili limefungwa kwa mpira wa baiskeli," alisema.

Mboga za pale hufungwa kwa nyuzi za katani ambazo Bibi Limi huzichuna mwenyewe kwenye mpaka wa shamba. Wanaofunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli ni wauzaji wa sokoni.

"Mama Vumilia, dada yangu. Za kwetu unazipeleka wapi, mpaka utununulie hizi?"

"Mama Adam, subiri..."

"Nimesubiri. Kila wiki ipo njiani. Imetoka wapi hiyo, Dodoma?"

Mtu mmoja alicheka, akajutia. Mwingine nyuma yangu akasema kwa sauti ya chini kwamba watu wakishashika hela ya watu ndivyo wanavyokuwa. Makoye alisikia. Alisimama na fimbo yake kama mtu aliyesahau kazi ya fimbo.

Nilimwangalia Agnetha. Midomo yake ilifunguka, nikajua ile sentensi ya njiani inakuja. Bibi Limi, bado ametugeuzia mgongo, alisema taratibu, "Gete, mwanangu." Maana yake ni kama kusema, kweli, mwanangu, kweli.

"Hakuna," Agnetha alisema.

"Hakuna nini?"

"Hakuna mboga. Chainizi zimekufa. Bamia zimekufa. Nyanya zilizobaki ukizishika zinabaki mkononi. Njooni muone."

Akatangulia. Tulishuka naye mpaka kwenye matuta, na pale hapakuhitaji maelezo mengi: majani yamekuwa karatasi, udongo umepasuka, na kijito kinapita hatua chache tu kikiwa na rangi ile ya majivu. Alituambia habari ya mwalo. Alitaja zebaki kwa jina lake. Alisema hajui kama ipo, ila hakuwa tayari kuijaribia kwetu. Alisema kuhusu Kalisti pia, na Jumatatu. Sauti yake ilikuwa kavu, kama ya mtu anayetapika kitu na kutaka kimalizike.

Mama Adam aliendelea kushika lile shada la chainizi. "Sasa kwa nini hukusema?" aliuliza, na safari hii alikuwa anauliza kweli.

Aliyejibu ni Mzee Nasibu. Alianza kwa kucheka, akacheka mpaka akashikilia goti lake bovu. "Hamumjui huyu! Huyu ni mtu wa shimoni! Duara kavu, yeye anawaambia wenzake limeguswa! Mama Vumilia, hapa ni kwenye mchicha, hapa hakuna mizimu ya dhahabu. Ungesema tu."

"Nilishindwa, mzee wangu."

"Najua ulishindwa. Mimi mwenyewe nilikaa kwenye shimo kavu msimu mzima, mke wangu kila akinipigia namwambia tumeigusa." Akafuta macho. Halafu akageuka kuangalia kilima, si kijito. "Kule juu pana nini, kwenye ile minyaa?"

"Pana majani," Makoye alisema. "Ng'ombe wanapenda kulala pale."

"Kiangazi chote majani yale ni mabichi?"

"Ndiyo."

"Maisha yangu yote nimechimba nikitafuta dhahabu," Mzee Nasibu alisema, "na kila nilipokuta maji niliyatukana. Maji yakiingia duarani, kazi imekufa. Unaleta pampu, pampu inashindwa, unahama. Nayajua maji kama unavyomjua jirani mbaya. Pale yapo. Na yanatoka upande wa pili wa kilima, siyo upande wa mwalo."

Nyumba mbili zilijitoa siku hiyo. Hawakugomba, walisema wana watoto wadogo na neno zebaki limewatisha, na Agnetha aliwarudishia mchango wao pale pale. Waliobaki walikaa kwenye turubai na kupanga. Mama Adam aligawa zile chainizi za sokoni mwenyewe, akisema zimeshanunuliwa na haziwezi kurudi.

Kazi ilianza kesho yake baada ya ibada. Mzee Nasibu alimleta Mwigulu, mwenzake wa zamani ambaye bado anachimba na wachimbaji wadogo upande wa Bulyanhulu, mtu mwenye kifua kama pipa na aibu ya msichana. Walichimba kisima pale kwenye minyaa kama wanavyojua wao kuchimba: shimo la pembe nne, kuta zimeshikwa kwa magogo yanayoitwa matimba, na juu yake winchi ya mti yenye kamba na ndoo. Sisi wengine tulizungusha winchi na kumwaga udongo. Mama Adam alishona viroba vilivyochanika. Agnetha alipika, akakaa mdomoni mwa shimo na sufuria, na aliponiona namtazama alitikisa kichwa na kutabasamu kidogo.

Tulichosahau ni mahali tulipo. Ukisimika winchi na matimba popote katika wilaya hii, na mtu kama Mwigulu akaonekana akishuka, hakuna atakayefikiri unatafuta maji. Habari ilifika barabarani kabla ya chakula. Jumatatu asubuhi pikipiki zilikuwa zimepangana kwenye ua wa Makoye, na vijana wenye sululu walikuwa wakizunguka shimo, wakiokota udongo tuliomwaga, wakiulamba, wakiuangalia juani.

"Wameona rangi hapa," mmoja alimwambia mwenzake. Rangi, kwa wachimbaji, ni ile punje ya kwanza ya dhahabu.

"Hatujaona kitu!" Makoye alipiga kelele. "Ni kisima!"

"Ndiyo, mzee. Kisima." Kijana alimkonyeza. "Hata sisi kwetu tuna kisima cha hivi."

Katikati ya fujo hiyo Kalisti alifika. Alishuka kwenye gari lake, akaangalia winchi, akaangalia umati, akamvuta Makoye pembeni ya zizi, ila hakupunguza sauti ya kutosha. Hakutaka tena kukodi eneo la chini. Alitaka kukodi yote, kilima na minyaa na shimo, na kiasi alichotaja kilimfanya Makoye amtafute mkewe kwa macho.

Agnetha alikuwa ameshasimama. Alisogea mpaka kwenye ukingo wa shimo, akainama.

"Mwigulu! Kuna nini huko?"

Sauti ilitoka chini, nzito. "Bado kukavu, mama!"

Ndipo alipogeukia watu wote wale, wachimbaji na pikipiki zao, na sisi wa vikapu, na Kalisti, na mumewe. "Mmesikia," alisema. "Humu hakuna kitu. Hakuna dhahabu, na maji tunayoyatafuta hayapo bado. Nasema hakuna, nimesimama mdomoni mwa shimo. Anayetaka kukaa akae ashike kamba. Asiyetaka, pikipiki yake ile pale."

Kijana mmoja alirudi nyuma kabisa, kama aliyemwagiwa maji ya moto. Wengine walicheka na kubaki. Kwao, aliye na dhahabu ndivyo anavyosema. Makoye akamwambia Kalisti kwamba jibu lake ni hapana, na Kalisti akasema atangoja nusu saa, watu hubadilika.

Tuliendelea. Mama Adam alikamata mpini mmoja wa winchi, mimi nikashika wa pili kwa sababu ndio uliokuwa wazi. Jua lilipanda. Ndoo zilikuja na udongo mwekundu, kisha na changarawe, kisha changarawe tena. Halafu ikaja moja ambayo ilikuwa nzito kuliko zote, tukadhani ni jiwe. Tulipoiinamisha, ulitoka udongo wa kijivu unaong'aa, ukajitandaza kama uji, na ukaacha mfereji mdogo wa maji.

Umati ulisogea, ukaangalia.

"Maji," alisema yule kijana aliyekonyeza, kwa masikitiko makubwa.

"Wamekuta maji," mwingine akawaambia walio nyuma. Pikipiki moja iliwashwa, kisha ya pili. Wale watu walikuwa na huruma ya kweli. Wanajua shimo lililoingiwa na maji linavyomaliza mtu. Kalisti mwenyewe alimpa Makoye mkono. "Pole sana, kaka," alisema. "Ndivyo kazi hizi zilivyo."

"Asante," alisema Makoye, na ilimbidi ageuze uso kwa sababu Mzee Nasibu alikuwa ameshaanza kucheza kwa mguu mmoja, na Bibi Limi alikuwa akipiga vigelegele jikoni bila hata kuja kuona.

Bwana shamba wa kata alichukua chupa ya maji yale ikaenda kupimwa, na Agnetha hakuruhusu tone lianguke kwenye tuta mpaka majibu yaliporudi na kusema ni salama. Kijito bado kina rangi ile. Amekwenda kwenye serikali ya kijiji kulalamika, na atakwenda tena. Eneo la chini limebaki tupu. Bustani yote imehamia juu, karibu na minyaa, ambako ng'ombe wamelazimika kutafuta mahali pengine pa kulala na hawajasamehe.

Siku hizi, kabla Makoye hajainua fimbo, Mama Vumilia husimama mbele ya turubai na kutusomea hali kama ilivyo.

"Nyanya hazipo," alisema Jumamosi iliyopita. "Bamia zimeliwa na wadudu, nusu hatukuweza kuokoa. Chainizi ndogo. Mchicha upo, upo mwingi mno, mtauchoka."

"Bamia zitarudi lini?" aliuliza Mama Adam.

"Sijui."

"Haya," alisema Mama Adam, akafungua kikapu chake. "Tugawane mchicha."